Nakupa Mbili: Mjadala wa Ligi za Pool za Ridhaa

Kwenye meza za mtaani sheria ni moja: anayefunga anabaki, anayefungwa analipa na kupisha. Mwaka 1979 wachezaji wawili wa kulipwa wa Marekani, Terry Bell na Larry Hubbart, walianzisha ligi inayokwenda kinyume kabisa na sheria hiyo. Baadaye ikaitwa American Poolplayers Association. Makao yake yako jimbo la Missouri, na leo ina wanachama karibu robo milioni, wengi wao Marekani kwenyewe, wengine Kanada na Japani. Si mabingwa hawa. Ni mafundi bomba, wauguzi, madereva wa malori na wastaafu, wanaokutana usiku mmoja kwa wiki kwenye baa ya jirani na kucheza kwa vikosi. Kinachowaweka pamoja ni handikapu. Kila mchezaji ana namba inayotokana na mechi zake za nyuma, na namba hiyo ndiyo inayoamua fundi ashinde gemu ngapi, na anayejifunza ashinde ngapi, ili mechi iwe yake.

Naamini mfumo huo ni wa haki na ungetufaa hata sisi Tanzania. Wapo wachezaji wazuri, watu ninaowaheshimu, ambao wakisikia hivyo wananuna. Kwa hiyo nimeupanga ubishi wetu kama unavyosikika pembeni ya meza, kila sauti ikibeba upande wake: Fundi, aliyecheza mashindano mpaka ngazi ya taifa, Nahodha, mwanamke aliyeishi Ohio na kuongoza kikosi kwenye ligi hiyo, Chipukizi, binti wa chuo, na Mzee, mwenye baa na meza mbili. Mimi naingia panapohitaji hesabu, na pale ambapo hoja inanigusa.

FUNDI: Nianze mimi, maana mimi ndiye ninayetakiwa kupunguziwa. Nimepita kwenye mashindano ya bia ya Safari Lager, ya mkoa mpaka taifa. Kule hakukuwa na habari ya kumpa mtu mbili za kuanzia. Unaingia na kikosi chako, unapangiwa mpinzani, ukifungwa unafungasha fimbo unarudi nyumbani. Ndiyo maana bingwa wa taifa aliheshimika. Mimi nimekesha miaka kujifunza kuupeleka mpira mweupe ninapotaka. Leo unaniambia mtoto aliyeshika fimbo juzi akishinda gemu mbili na mimi nikishinda sita tu, yeye ndiye mshindi! Sasa kujifunza kwangu kumenisaidia nini?

NAHODHA: Kaka, kwanza tofautisha mambo mawili. Mashindano ya taifa yanatafuta nani mkali kuliko wote. Hapo sina ubishi, watu wacheze sawa kwa sawa. Ligi ya ridhaa haitafuti hilo. Inataka watu walewale wakutane Jumanne hii, na Jumanne ijayo, na nyingine, miezi mitatu minne mfululizo, kisha waanze msimu mpya. Ukitaka kuona inavyofanya kazi, ngoja nikueleze usiku mmoja.

FUNDI: Eleza, dada.

NAHODHA: Kikosi kinaandikisha mpaka watu wanane, lakini usiku huo wanacheza watano. Mechi tano, mtu kwa mtu. Manahodha wanarusha sarafu. Aliyeshinda sarafu anachagua: amtaje mchezaji wake kwanza, au amlazimishe mwenzake ataje kwanza. Baada ya hapo wanapokezana. Hapo ndipo akili ya nahodha inapofanya kazi, kwa sababu ukishaona wamemtoa mkali wao, unaweza kumpelekea mkali wako, au ukampelekea mtu wa namba ndogo ambaye hata akifungwa umepoteza kidogo, ukamhifadhi mkali kwa mechi nyingine. Wachezaji wawili wanasimama mezani, kila mmoja anapiga mpira uende ukuta wa mbali na kurudi. Ambaye mpira wake utasimama karibu zaidi na ukuta wa huku, ndiye anayefungua. Pembeni kuna watu wawili, mmoja wa kila upande, wameshika karatasi.

CHIPUKIZI: Karatasi ya nini?

NAHODHA: Ndiyo roho ya ligi, mdogo wangu. Kila zamu zikizunguka wote wawili wakapiga na kukosa, wanachora kistari. Mchezaji akipiga mpira bila nia ya kuingiza, amejihami tu, amemficha mwenzake mweupe nyuma ya mipira mingine, hilo nalo linawekewa alama yake. Mwisho wa mechi unajua kila mtu ametumia mizunguko mingapi kupata gemu alizoshinda, ukishatoa ile mipigo ya kujihami. Anayemaliza kwa mizunguko michache namba yake inapanda. Anayehitaji mingi inashuka, au inabaki. Kwenye mchezo wa mipira nane namba zinaanzia 2 mpaka 7. Kwenye mipira tisa zinaanzia 1 mpaka 9, na huko wanahesabu pointi: kila mpira pointi moja, ule wa tisa pointi mbili. Mwenye namba 1 anahitaji pointi 14 kushinda mechi. Mwenye 9 anahitaji 75.

FUNDI: Sabini na tano kwa kumi na nne! Unaona sasa?

NAHODHA: Naona. Na mwenye 9 anaweza kuingiza mipira yote ya meza huku wewe umekaa unakunywa maji. Umesahau hilo?

MWANDISHI: Hapa niweke hesabu, kwa sababu ubishi huu mara nyingi unaendeshwa na hasira tupu. Chukua mfano wangu: Fundi anamfunga mpinzani fulani gemu mbili katika kila tatu. Wakicheza sawa kwa sawa, wa kwanza kufika tano, Fundi atachukua mechi kama 86 katika kila 100. Mpinzani anajua matokeo kabla hajapaka chaki. Sasa weka handikapu: Fundi afike tano, mwenzake afike tatu. Hicho ndicho kiwango ambacho ligi ile inawapangia namba 7 na namba 5 wakikutana kwenye mipira nane. Fundi bado anaongoza, mechi 57 katika 100. Ujuzi wake haujafutwa. Kilichobadilika ni kwamba mpinzani ana sababu ya kuvaa viatu na kutoka nyumbani, na Fundi ana sababu ya kuwa makini tangu mpigo wa kwanza. Mchezaji mzuri anayecheza mechi ambayo hawezi kuipoteza hajifunzi kitu.

FUNDI: Mwandishi, hesabu zako nzuri, lakini mimi sichezi mechi mia. Nacheza moja. Na katika hiyo moja, yule wa namba ndogo anafunga kwa zali. Mpira unagonga kuta tatu, unagusa mwingine, unadumbukia. Wanauhesabu!

NAHODHA: Kwenye ligi ile, kweli wanauhesabu. Mpira wako ukiingia shimo lolote kwa mpigo halali ni wako. Kinachotakiwa kutajwa ni wa nane peke yake: unaweka alama kwenye shimo unalolenga, ukiingia kwingine umepoteza gemu. Zipo ligi nyingine Marekani zinazotaka utaje kila mpira na shimo lake. Mimi ningependa tutaje, hasa kwa wenye namba za juu. Hapo niko upande wako.

CHIPUKIZI: Naomba niseme. Shikamoo, mzee. Kaka Fundi, wewe unaongea kama vile mtaani kuna haki na ligi ndiyo inaiharibu. Mimi nikienda kwenye meza, naweka sarafu yangu kwenye ukingo nasubiri zamu. Nasubiri nusu saa. Ikifika, nacheza na wewe, kwa sababu wewe hutoki. Unafungua, unaingiza minne, unakosa. Napiga mmoja nakosa. Unamaliza. Nimelipa mimi, mipigo miwili, nakaa tena nusu saa. Wiki nzima ya hela yangu ya matumizi inaisha na sijagusa mweupe mara kumi. Nani anafaidika? Ni wewe unayefanya mazoezi kwa sarafu za wanaojifunza.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Na hapo umesema kweli tupu.

MWANDISHI: Hoja hii ya Chipukizi ndiyo iliyonifanya nichague upande. Tumezoea kuiona handikapu kama upendeleo, na "anayefunga anabaki" kama hali ya asili ya mchezo. Lakini sheria ya mtaani nayo ni mfumo, na inapendelea. Inampa mkali muda mwingi mezani bila gharama, na inamtoza ada kila anayetaka kujifunza. Wasichana ndio wa kwanza kuondoka, maana juu ya kufungwa wana macho ya watu wa baa.

CHIPUKIZI: Na maneno yao.

NAHODHA: Kwenye kikosi unalindwa na hilo. Ukiwa na namba 3 kushuka, sheria inakuruhusu kuitiwa kocha mara mbili katika kila gemu. Kuanzia 4 ni mara moja. Kocha anasogea, mnanong'onezana kama dakika moja. Anakwambia, "Usiufuate huo mrefu. Gusa huu mfupi taratibu, mweupe usimame hapa," na anaonyesha kwa kidole pale kwenye kitambaa. Kisha anarudi kukaa, unapiga mwenyewe. Nilimfundisha mama mmoja kwa njia hiyo tu. Alikuja ligi akiwa hajui kuegemeza fimbo mkononi. Alikuwa hapati gemu. Msimu wa pili akamfunga mwenye namba 6, mpinzani akihitaji tano na yeye mbili. Baa nzima ilisimama, pamoja na kikosi cha yule aliyefungwa.

FUNDI: Sawa, nimekubali kwamba kwa anayejifunza ni jambo jema. Sasa nijibu hili, dada, na usinikwepe. Namba inatokana na mizunguko mnayochora. Mimi nikitaka namba yangu ibaki chini, nakosa makusudi. Napoteza Jumanne mbili tatu zisizo na maana. Mashindano makubwa yakifika nina namba 4, nacheza kama 6. Mtanizuia vipi?

NAHODHA: Hilo ndilo donda la ligi zote za handikapu. Sitalificha. Wapo wanaofanya hivyo. Mwingine hata hakosi, anaingiza mipira yote halafu anauacha wa nane ukae mdomoni mwa shimo, anazunguka zunguka mpaka karatasi ijae vistari. Ligi inajua. Ndiyo maana inahesabu mipigo ya kujihami, ili mtu asijifiche nyuma yake. Ndiyo maana pia haichukui wastani wa mechi zote. Inachukua 10 zilizo bora kati ya 20 za mwisho, kwa hiyo zile ulizopoteza makusudi zinatupwa, zinabaki ulizocheza vizuri.

FUNDI: Basi nitaharibu zote 20.

NAHODHA: Ukiharibu 20 umekipoteza kikosi chako msimu mzima, hamfiki popote. Na ukifika fainali za Las Vegas, kule vikosi vinakutana kutoka kila jimbo, waamuzi wanakuangalia upya. Mchezaji anayeonekana amezidi namba yake anapandishwa palepale, na kikosi kizima kinaweza kuondolewa mashindanoni. Nimeona watu wazima wakilia kwenye ukumbi.

MWANDISHI: Ulaghai huu una babu yake. Marekani ya kabla ya ligi ilikuwa na wachezaji waliohama mji hadi mji wakijifanya wajinga mezani, wanapoteza dola kidogo, kisha wanafungua uwezo wao dau likipanda. Filamu ya The Hustler ya mwaka 1961 iliwafanya maarufu dunia nzima. Ligi ya ridhaa ilipokuja na handikapu haikuizaa tabia hiyo, iliikuta. Lakini iliipa sababu mpya, kwa sababu mwisho wa msimu kuna safari na fedha. Kwangu mimi dawa ya kwanza haiko kwenye fomula. Iko kwenye zawadi. Zawadi ikiwa ndogo, fulana na kikombe na chakula cha pamoja, hakuna atakayeharibu Jumanne zake 20 kwa ajili yake. Zawadi ikiwa pikipiki, hata mtu mwaminifu ataanza kuhesabu.

MZEE: Mwandishi, hapo tunatofautiana kidogo. Bila zawadi ya maana vijana hawaji. Mdhamini naye anataka picha ya hundi kubwa.

MWANDISHI: Vijana wanakuja kwa ajili ya hundi, mzee, na hundi ikiondoka wanaondoka nayo. Tumeshuhudia michezo mingi ikilala mara mdhamini anapogeuka. Pool yetu imebebwa na kampuni za bia: Safari Lager hapa kwetu, Nile Special kwa majirani wa Uganda ambako mchezo umeota mizizi mpaka wana ligi ya taifa. Nawashukuru. Hata mashindano ya vyuo vikuu yaliandaliwa kwa udhamini huo. Lakini ligi niliyoieleza inasimama juu ya ada ndogo ya kila wiki inayolipwa na wachezaji wenyewe. Mdhamini akija ni nyongeza.

FUNDI: Nina jingine, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Nimesikia habari ya 23.

NAHODHA: (kimya kidogo) Umesikia vizuri.

CHIPUKIZI: Ishirini na tatu ni nini?

NAHODHA: Wachezaji watano wanaocheza usiku huo kwenye mipira nane, ukijumlisha namba zao, wasizidi 23. Mkizidi mnapoteza. Ni sheria ya kuzuia mtu kukusanya wakali watano akapita kila mahali.

FUNDI: Lakini mkijifunza je?

NAHODHA: Ndiyo hapo. Sisi tulianza marafiki watano. Tuseme kila mmoja alikuwa na 4. Hiyo ni 20, mko huru. Tukakaa pamoja, tukafundishana, Jumapili tukafanya mazoezi. Wanne wetu wakapanda mpaka 5. Sasa hesabu: tano mara nne ni 20, na 4 ni 24. Tumezidi kwa moja. Hatukuweza tena kucheza wote watano usiku mmoja. Msimu mwingine wakapanda wawili zaidi. Tukakaa baa, tukaangaliana, tukakubaliana kikosi kigawanyike. Nilikuwa nahodha, mimi ndiye niliyetaja majina ya wanaoondoka. Watu tuliokuwa tunapikiana.

FUNDI: Umeona! Mmeadhibiwa kwa kujifunza. Niambie mchezo gani mwingine unamwambia mtu: umekuwa mzuri, sasa achana na wenzako?

NAHODHA: Kaka, siku ile ningekuunga mkono kwa sauti kubwa kuliko yako. Leo naona pande mbili. Wale wawili walioondoka walianzisha kikosi chao. Walitafuta watu wapya, wakawafundisha kama tulivyofundishana. Baada ya mwaka pale palipokuwa na kikosi kimoja pakawa na viwili. Ligi inapendelea hivyo, inakua. Lakini iliniuma, na sitasema haikuniuma.

CHIPUKIZI: Mimi naiona tofauti. Chukueni kikosi chenye wenye 7 wawili. Hao ni 14. Zimebaki 9 kwa watu watatu. Lazima mtafute wenye namba ndogo, mfano wa 3 watatu. Yaani mkali anamhitaji mtu kama mimi ili aruhusiwe kucheza! Mtaani nani ananihitaji? Hapa atanipigia simu: "Jumanne unakuja? Usituangushe." Atanifundisha, kwa sababu gemu yangu moja inamfikisha fainali yeye.

MWANDISHI: Sijasikia utetezi bora wa 23 kuliko huu. Bado nakubaliana na Fundi kwamba sheria ile inaumiza urafiki, na kama ningeandika kanuni zetu ningeongeza huruma: kikosi kilichoanza pamoja kiruhusiwe kuzidi kwa pointi moja au mbili mpaka msimu uishe, ndipo kigawanyike. Lakini ukomo wenyewe ningeubakiza. Ukiuondoa, miaka miwili haipiti kabla baa mbili zenye fedha hazijawakusanya wakali wote wa wilaya.

Kuna jambo jingine lililoninyima raha nilipolifahamu. Kwa miaka mingi, kwenye mipira nane, mwanamume mgeni alikuwa anaanzia namba 4 na mwanamke namba 3. Wenyewe walitetea kwamba ndivyo wastani ulivyoonyesha. Dada, wewe ulionaje?

NAHODHA: Nilianza na 3. Wiki ya nne nikawa 5. Wanaume niliowafunga wiki zile tatu walilalamika kwamba nimewaibia, na ukweli ni kwamba waliibiwa na namba ya kuanzia. Sikuomba kupunguziwa kwa kuwa mwanamke. Mtu aangaliwe anapopasha misuli, apewe namba, halafu karatasi irekebishe.

FUNDI: Hilo la haki. Sasa mimi niwaulize: fomula yenyewe iko wapi tuisome?

NAHODHA: Yote kwa ukamilifu haijachapishwa. Unajua misingi, hujui kila kiungo. Wanasema wakiitoa watu wataichezea.

FUNDI: Kwa hiyo nikipandishwa kutoka 5 kwenda 6 siwezi kukata rufaa kwa hesabu?

NAHODHA: Unalalamika kwa msimamizi. Unasikilizwa au husikilizwi.

MWANDISHI: Upo mfumo mwingine huko huko Marekani unaoitwa FargoRate, uliotoka Fargo, North Dakota. Haujali mizunguko wala mipigo ya kujihami. Unajali kitu kimoja: ulicheza na nani, mkafungana gemu ngapi. Kompyuta inawaweka wote kwenye ngazi moja, kuanzia anayejifunza mpaka bingwa wa dunia. Tofauti ya pointi 100 maana yake mkubwa anatarajiwa kushinda gemu mbili dhidi ya moja. Mtu yeyote anaweza kutafuta jina lake na kuona. Kwa mazingira yetu huu naupenda zaidi, kwa sababu mbili. Hauhitaji karani aliyefundishwa kuchora vistari huku muziki unapigwa; unahitaji matokeo tu, ambayo hata ujumbe wa simu unayabeba. Na namba iliyo wazi inazuia maneno. Sisi tunajuana sana, na mahali watu wanapojuana sana, siri ya msimamizi inageuka tuhuma ya undugu.

FUNDI: Hapo umesema. Nipe namba ninayoweza kuihakiki, nitaiheshimu hata kama siipendi.

MZEE: Mmeongea namba tangu jioni, sasa nisikilizeni mimi mwenye meza. Mechi tano, meza moja. Kila mechi ikienda saa nzima, mkianza saa moja usiku mnamaliza saa sita. Kwenye meza mbili mnapunguza, lakini meza zangu zote mbili zimekufa kwa wateja wengine. Na meza zangu ni za sarafu. Gemu moja, sarafu moja. Nani analipa, anayefungwa?

NAHODHA: Hapana, mzee. Hapo ndipo tungeua kila kitu tulichosema. Kila mchezaji atoe ada yake ya usiku, sawa kwa wote, awe ameshinda au amefungwa. Wewe ufungue kisanduku cha meza, tucheze bila sarafu mpaka mechi ziishe, upewe sehemu yako ya ada.

MZEE: Jumanne huwa nina wateja wangapi? Wawili watatu, wanaangalia mpira kwenye televisheni na soda moja. Vikosi viwili, wanane kwa wanane, pamoja na wake na marafiki. Wanakula chipsi, wanakula mishikaki. Hesabu hiyo naielewa vizuri kuliko ya FargoRate. Nitafungua kisanduku. Lakini nina sharti. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipowaambia wakuu wa mikoa wasivumilie vijana wanaocheza pool asubuhi badala ya kufanya kazi, meza zangu zilifunikwa turubai. Sikukasirika, kwa sababu kweli kulikuwa na vijana hapa tangu saa tatu asubuhi, na hela ikipita chini ya meza. Ligi ikija kwangu, dau haliwekwi. Hata la soda.

FUNDI: Mzee, soda?

MZEE: Hata soda. Leo soda, kesho buku, keshokutwa polisi.

MWANDISHI: Mzee ametoa hoja ambayo watetezi wa pool tunaikwepa. Mchezo huu kwetu haujakosa wachezaji wala vipaji. Umekosa sifa njema mbele ya mama mwenye mtoto wa kiume. Ligi yenye ratiba ya usiku baada ya kazi, majina yaliyoandikwa, ada iliyo wazi na matokeo yanayobandikwa ukutani ni kitu ambacho chama cha mchezo kinaweza kukipeleka mbele ya Baraza la Michezo la Taifa bila kuona haya. Vijana wa saa tatu asubuhi hawana ligi. Wana meza tu, na muda.

CHIPUKIZI: Na ligi ikianza, tutapata wapi namba za mwanzo? Sisi hatuna historia yoyote.

NAHODHA: Wiki nne za kwanza tunacheza bila handikapu na matokeo yanaandikwa. Watakaofungwa wavumilie, wajue ni kwa ajili ya namba. Wiki ya tano tunaanza kupeana.

FUNDI: Wiki nne nitawafunga wote, halafu namba yangu itakuwa juu mbinguni.

NAHODHA: Au ukose makusudi, tukuone.

FUNDI: Sitakosa, dada. Sijawahi kukosa makusudi, na sitaanzia kwenye ligi ya chipsi. Ila nami nina sharti. Nimesikia kule Marekani ligi hiyohiyo ina kitengo cha wakali.

NAHODHA: Wanakiita Masters. Vikosi vidogo, hakuna handikapu, sawa kwa sawa.

FUNDI: Basi Jumanne nitatoa mbili, nitatoa tatu, nitamfundisha huyu binti kusimamisha mweupe. Lakini Alhamisi meza moja ibaki yetu, bila kupunguziana. Mkinipa hiyo, niandikeni.

MZEE: Alhamisi kuna bendi.

FUNDI: Basi Jumatano.